Kuitambua serikali ya mpito vita vikiendelea: njia ya Paris, ya London au ya Addis Ababa?

Machi 10, 2011 Rais Nicolas Sarkozy aliwapokea ikulu wageni wawili kutoka Benghazi, ngome ya waasi mashariki mwa Libya: Mahmoud Jibril na Ali Essawi. Walipotoka, Ufaransa ilikuwa imeshalitambua Baraza la Mpito la Taifa, chombo cha waasi hao, kuwa mwakilishi pekee halali wa watu wa Libya. Baraza lenyewe lilikuwa limefanya kikao chake cha kwanza rasmi siku tano kabla. Muammar Gaddafi alikuwa bado Tripoli na jeshi lake na benki kuu yake, na kiti chake Umoja wa Mataifa hakuna aliyekigusa.

Uingereza ilifika hapo Julai 27. Umoja wa Afrika, wenye makao yake Addis Ababa, ulifika Septemba 20. Baraza ni lile lile, vita ni vile vile, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho imepita miezi sita na siku kumi. Ndiyo maana Libya inafaa kuliko mfano mwingine kwa yeyote anayetaka kupima jambo hili, awe mwanafunzi anayejiandaa na mdahalo, mhariri anayeandika maoni, au raia anayejiuliza wizara yake ya mambo ya nje ingefanya nini. Njia tatu zilijaribiwa kwa baraza moja, na matokeo tunayo.

Kwanza ujue unaombwa kutambua nini

Habari nyingi huchanganya mambo matatu hapa. La chini kabisa ni kuzungumza nao: kutuma mjumbe, kupokea mgeni, kufungua ofisi ndogo. Hilo halihitaji tamko. La pili ni kuwaita mwakilishi halali wa watu. Hayo ni maneno ya kisiasa. Yanamuumiza aliyeko madarakani lakini hayamwondoi, wala hayampi mpinzani wake funguo za ubalozi. La tatu ni kuwaita serikali, na hapo ndipo sheria inapoingia. Anayetambuliwa kuwa serikali ndiye anayeweza kudai fedha za nchi zilizo kwenye benki za nje, kuteua balozi, kusaini mkataba, na kusimama mahakamani kwa jina la taifa.

Ufaransa ya Machi 10 ilitumia maneno ya ngazi ya pili, lakini papo hapo ikaahidi kubadilishana mabalozi na Benghazi, jambo la ngazi ya tatu. Mchanganyiko huo haukuwa wa bahati mbaya. Ulimwezesha Sarkozy kupata kishindo cha kutambua serikali bila kubeba mzigo wake wote.

Zipo nchi zinazodai hazitambui serikali kabisa, hutambua dola tu. Mexico ilitangaza msimamo huo mwaka 1930 kupitia waziri wake Genaro Estrada, na Uingereza ikajiunga na fikra hiyo mwaka 1980. Faida yake ni kwamba kukitokea mapinduzi huna haja ya kutoa tamko lolote, unaendelea kushughulika na aliyeishika nchi. Ni msimamo mzuri sana siku za amani. Vita vikidumu miezi na nchi ikawa na wakubwa wawili, hausaidii, na London yenyewe iliukunja mwaka 2011.

Usichanganye pia na kutambua dola jipya. Tanzania ilipoitambua Biafra Aprili 13, 1968, Mwalimu Nyerere hakuwa anachagua kati ya serikali mbili za Nigeria. Alikuwa anakubali kwamba Nigeria imegawanyika. Watu wa Benghazi hawakutaka nchi yao wenyewe. Waliitaka Libya nzima.

Njia ya Paris: tambua mapema

Hoja yake kubwa ni muda. Katikati ya Machi majeshi ya Gaddafi yalikuwa yanaelekea Benghazi, na baraza lisilotambuliwa na mtu lingeweza kufutwa kabla dunia haijamaliza vikao. Machi 17 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio 1973, lililoruhusu nguvu za kijeshi kuwalinda raia, kwa kura 10, wajumbe 5 wakijizuia: Urusi, China, India, Brazil na Ujerumani. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilipiga kura ya ndiyo, jambo ambalo Waafrika wengi wamelisahau. Siku mbili baadaye ndege za Ufaransa zikashambulia.

Utambuzi wa mapema ulileta na mambo madogo yenye faida kubwa. Qatar ilifuata Machi 28, kisha ikasaidia kuuza mafuta ya upande wa mashariki. Mwanzoni mwa Aprili meli iitwayo Equator ilipakia mafuta karibu na Tobruk. Baraza lililokuwa halina hata mishahara ya walimu likapata mnunuzi.

Gharama yake ni kwamba unatumia karata yako yote siku ya kwanza. Machi 10 Baraza lilikuwa tayari kuahidi chochote, kwa sababu lilikuwa linaweza kufa. Ungetaka orodha ya majina ya wanachama wake wote, ungetaka ahadi ya kuwalinda wafungwa, ungetaka ramani ya uchaguzi, wakati wa kudai ulikuwa huo. Hakuna sharti lililotangazwa. Baada ya hapo Paris haikuwa tena na kitu cha kuwanyima watu wa Benghazi, na haikuweza kuwa msuluhishi, kwa maana imeshakuwa upande. Zaidi ya hayo, sheria ya kimataifa ya miaka mingi huona kuitambua serikali isiyoishika nchi, wakati iliyopo bado inapigana, kuwa ni kuingilia mambo ya ndani. Ufaransa ililijua hilo, ikaamua kulipita.

Njia ya London: shughulika nao, tambua baadaye

Uingereza ilianza vibaya. Mwanzoni mwa Machi kikundi cha Waingereza kilishuka kwa helikopta usiku karibu na Benghazi kutafuta mawasiliano na waasi, kikakamatwa na wenyeji, kikarudishwa kwao kwa aibu. Kumbe ingetosha kubisha hodi mchana.

Lakini baada ya hapo ilijenga uhusiano hatua kwa hatua. Ikaweka ujumbe Benghazi. Mei 12 Waziri Mkuu David Cameron akampokea mwenyekiti wa Baraza, Mustafa Abdul Jalil, na kumkaribisha afungue ofisi London, bila kumwita serikali. Marekani ilifanya vivyo hivyo: Chris Stevens aliwasili Benghazi Aprili kwa meli ya mizigo akiwa mjumbe, si balozi. Kwa miezi mitatu nchi hizi mbili zilijua ndani ya Baraza kuna nani, nani anasikilizwa na nani anaimba tu, kuliko nchi nyingi zilizokuwa zimeshatambua.

Kilichowasukuma hatimaye ni pesa. Azimio la Umoja wa Mataifa lilizuia mali za benki kuu ya Libya na mfuko wake wa uwekezaji, na nchini Marekani peke yake zilikuwa zaidi ya dola bilioni 30. Huwezi kumpa fedha za serikali mtu usiyemwita serikali. Benki yako itashtakiwa. Nchi zilizojikusanya kwenye Kundi la Mawasiliano zilibuni mfuko wa muda huko Rome mwezi Mei, lakini michango ilikuwa haitoshi kuendesha nchi iliyo vitani. Ndipo Julai 15, Istanbul, Marekani na nchi nyingine zaidi ya 30 zikalitambua Baraza kuwa mamlaka halali ya kutawala, baada ya kupewa ahadi za mageuzi na za uwazi katika matumizi ya fedha. Julai 27 waziri wa mambo ya nje William Hague akatangaza vivyo hivyo London, akawafukuza wanadiplomasia wa Gaddafi waliobaki, na kufungulia pauni milioni 91 za kampuni ya mafuta ya mashariki.

Siku iliyofuata, Julai 28, kamanda mkuu wa majeshi ya Baraza, Abdelfattah Younis, aliuawa, na wauaji walikuwa watu wa upande wake mwenyewe. Siku kumi na moja baadaye Abdul Jalil alilivunja baraza lake la mawaziri. Uingereza ilikuwa na watu wake mjini humo tangu Machi, na bado ilishtuka. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba njia hii inakupa macho ya kuona kila kitu. Inakupa tu muda wa kutazama.

Njia ya Addis Ababa: kwanza mwafaka

Umoja wa Afrika uliunda kamati ya marais watano: wa Afrika Kusini, Mali, Mauritania, Kongo-Brazzaville na Uganda. Walitaka kuingia Libya Machi 20, wakanyimwa kibali cha kuruka kwa sababu mabomu yalikuwa yameanza siku moja kabla. Walipofika hatimaye, Aprili 10, Gaddafi aliukubali mpango wao: kusitisha vita, kupitisha misaada, kuwalinda wageni, na mazungumzo kuelekea kipindi cha mpito. Kesho yake Benghazi iliukataa. Mpango haukusema Gaddafi aondoke, na nje ya hoteli watu walikuwa wanaandamana wakiwapinga marais hao.

Ni rahisi kuicheka Addis Ababa, na wengi walicheka. Walikumbushia pia kwamba Gaddafi alikuwa mfadhili mkubwa wa Umoja huo na mwenyekiti wake mwaka 2009. Hata hivyo swali lililoulizwa na Addis ndilo lililokuwa swali la haki: baada ya Gaddafi atatawala nani, na pamoja na nani? Paris na London hazikuliuliza kwa sauti.

Kosa la Addis lilikuwa kuzuia utambuzi bila kuweka kitu kingine mezani. Haikuwa na ofisi Benghazi, haikuwa na pesa, haikuwa na ndege. Unapomnyima mtu kitu ambacho anakipata kwa jirani bure, hujamnyima. Hata Tripoli ilipoanguka mwishoni mwa Agosti, kikao cha Agosti 26 kilikataa kulitambua Baraza. Wiki hiyo hiyo Afrika Kusini ilikuwa imezuia kwenye kamati ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa kufunguliwa kwa dola bilioni 1.5 zilizoombwa na Marekani, ikihofia kwamba kuzitoa ni kutambua kwa mlango wa nyuma. Zikatoka baada ya maandishi kurekebishwa jina la Baraza lisitajwe. Na Septemba 16, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura nani akalie kiti cha Libya, matokeo yakawa 114 za ndiyo, 17 za hapana, 15 za kujizuia. Kati ya zile 17 zimo Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati huo Gaddafi alikuwa mkimbizi ndani ya nchi yake.

Utambuzi wa Addis ulipokuja siku nne baadaye, ulikuja na kitu ambacho hakikuwamo katika tamko la Paris: Baraza lilikuwa limeandika kuahidi umoja wa kitaifa na ulinzi wa wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo wahamiaji wa Kiafrika. Ahadi hiyo ilikuwa inahitajika sana. Watu weusi walikuwa wanakamatwa na kuuawa kwa kudhaniwa mamluki wa Gaddafi, na mji mzima wa Tawergha, wenye watu wapatao 40,000, ulifukuzwa na wapiganaji wa Misrata mwezi Agosti. Lakini ahadi ilipatikana Septemba, wakati Baraza halikuhitaji tena kitu kutoka Afrika. Ikabaki karatasi.

| | Paris | London | Addis Ababa |
|---|---|---|---|
| Siku ya utambuzi (2011) | Machi 10 | Julai 27 | Septemba 20 |
| Aliyeishika Tripoli siku hiyo | Gaddafi | Gaddafi | Baraza |
| Uhusiano kabla ya hapo | wa siku chache | wa miezi | wa usuluhishi tu |
| Sharti | hakuna lililotangazwa | mageuzi, uwazi wa fedha | umoja, usalama wa wageni |
| Nguvu ya kudai sharti | ilikuwapo, haikutumika | kiasi | imeshapita |
| Nafasi ya usuluhishi | imekwisha | ndogo | ilikuwapo mpaka Agosti |

Ukiusoma mstari wa nguvu na ule wa sharti pamoja, utaona mahali ninapoelekea: aliyekuwa na nguvu hakudai, aliyedai hakuwa na nguvu.

Je, ni Libya tu?

Syria inaipima njia ya Paris vibaya zaidi. Muungano wa upinzani uliundwa Doha Novemba 11, 2012. Ufaransa ilihitaji siku mbili tu kuutambua, na Marekani ikaufuata Desemba. Machi 2013 Umoja wa Nchi za Kiarabu ukaupa kiti cha Syria, na kiongozi wake Moaz al-Khatib akaketi. Umoja wa Mataifa haukubadilisha kitu. Balozi wa Damascus alibaki pale pale. Miaka kumi baadaye, Mei 2023, Waarabu wale wale walimrudisha Bashar al-Assad, na alipoanguka Desemba 8, 2024 walioingia Damascus walikuwa wapiganaji wengine kabisa, waliokuwa kwenye orodha za magaidi za nchi nyingi zilizoutambua muungano. Utambuzi wa mapema ulikuwa umeelekezwa kwa watu wa hotelini.

Somalia ni hadithi nyingine, na inaiumbua Addis kidogo. Serikali ya Mpito ya Shirikisho ilizaliwa Kenya. Abdullahi Yusuf alichaguliwa na wabunge waliokutana Nairobi Oktoba 2004. Ilihamia Jowhar, kisha Baidoa, ikaingia Mogadishu kwa msaada wa askari wa Ethiopia, kisha ikalindwa na askari wa Uganda na Burundi mtaa kwa mtaa. Udhibiti wake wa nchi ulikuwa mdogo kuliko wa Benghazi. Lakini Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa waliitambua. Tofauti ni kwamba Somalia haikuwa na serikali nyingine ya kuondolewa, kwa hiyo kutambua hakukuwa kumwangusha mtu. Marekani haikuitambua rasmi serikali yoyote ya Somalia tangu 1991 mpaka Januari 2013, baada ya kipindi cha mpito kwisha, ingawa ilishughulika na serikali za mpito miaka yote hiyo.

Somalia ilitupa pia kipimo kizuri cha kimahakama. Mzigo wa mchele ulionunuliwa na serikali ya Siad Barre haukuweza kushushwa Mogadishu mwaka 1991 kwa sababu ya mapigano, na fedha zake zikaishia mahakamani London. Serikali ya muda ya Ali Mahdi Mohamed, iliyotokana na mkutano wa Djibouti, ikazidai. Mwaka 1992 Jaji Hobhouse alikataa, na akaeleza anachotazama: je, ni serikali ya kikatiba? Inashika nchi kiasi gani, kwa namna gani, na kwa uthabiti gani? Serikali ya Uingereza inashughulika nayo vipi? Na mambo yakiwa na utata, dunia imeitambua kwa kiwango gani? Utambuzi wa wengine aliuweka mwisho. Napenda mpangilio huo.

Ningechagua ipi

Ningeanza na njia ya London na kuipa masharti ya Addis. Nitume watu mapema, nizungumze na kila upande, nifungue ofisi bila bendera, na sharti liandikwe wakati baraza bado linahitaji msaada. Neno serikali ningelibakiza mpaka kuwe na sababu ya kisheria ya kulitumia, hasa fedha za umma zinazohitajika kulipa mishahara na dawa. Hata fedha hizo zinaweza kupitia mfuko wa muda, kama Rome, ukiwekewa pesa za kweli.

Paris ningeifuata katika hali moja tu: serikali iliyopo imeanza kuua raia wake kwa wingi, msaada wa kijeshi au wa chakula unahitaji mwenyeji wa kisheria, na baraza linashika ardhi, si vyumba vya mikutano. Addis ningeifuata iwapo pande zote mbili zinaweza kuvumiliana na ninacho cha kuwapa kama wakikubaliana. Bila hicho cha kuwapa, kusubiri ni kusubiri tu.

Mlinganisho huu si wa historia. Februari 2025 kundi la wapiganaji la RSF, linalopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walisaini mkataba wa serikali sambamba ya Sudan jijini Nairobi. Kenya ilisema imetoa ukumbi tu na haijamtambua mtu. Sudan haikungoja tamko: ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikasimamisha bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwa ya kwanza kuumia. Hapo utaona hata ngazi ya kwanza ina bei yake, hasa ikifanywa kwa kamera na sherehe. Mazungumzo yale yale kwenye chumba kisicho na bendera yasingeigharimu Kenya soko la chai.

Serikali hiyo ilitangazwa Nyala Julai 2025. Umoja wa Afrika ulitaka isitambuliwe na yeyote, na Baraza la Usalama likaikataa Agosti. Upande wa pili nao si msafi: jeshi la Jenerali Burhan linashika kiti cha Umoja wa Mataifa, lakini Umoja wa Afrika uliisimamisha Sudan tangu mapinduzi yake ya Oktoba 2021. Kwa kipimo cha udhibiti peke yake, Nyala ilipata nguvu El Fasher ilipoanguka mikononi mwa RSF Oktoba 26, 2025, maana karibu Darfur yote ikawa yake. Kwa yaliyowapata raia wa El Fasher baada ya kutekwa, ningebaki ngazi ya kwanza na pande zote mbili, sharti la kwanza likiwa njia ya misaada kuingia Darfur na Kordofan, na ningewaambia wote wawili kwamba ngazi ya pili haipo mezani mwaka huu.